Seri ao paraleli: volti na ampea ku nyumba yenye pano ya jua

Mambo haya yanarudia mara nyingi katika mji wa Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge ao ng'ambo ya mto ku Alunguli. Familia iko na pano moja ya jua, batri moja na ampuli tatu. Pesa kidogo ikipatikana, wananunua pano ya pili yenye kufanana na ya kwanza. Kijana wa avenie anapanda juu ya bati, anaunganisha nyaya, anashuka. Kesho yake, jua likishapanda, regulatere inatoa harufu ya plastiki yenye kuungua. Muuzaji anaapa kwamba pano ilikuwa nzima. Fundi anasema batri imezeeka. Kuko hata wenye kusema ni wivu wa majirani. Lakini mara nyingi kosa liko fasi moja tu: nyaya za zile pano mbili ziliunganishwa kwa seri, na regulatere ilitaka paraleli.

Vitabu vya Kiswahili vinasema mfululizo na sambamba. Mafundi wa Kindu, ambao wengi walisoma kwa Kifaransa ao walifundishwa na fundi mwingine, wanasema seri na paraleli. Neno halina shida. Shida ni kwamba watu wanachanganya vitu viwili, volti na ampea, wanaviita vyote "nguvu ya umeme".

Mto Lualaba unaweza kusaidia hapa. Kutoka Kindu mpaka Ubundu boti zinapita, mto ni mpana na unashuka polepole. Kisha Ubundu mpaka Kisangani maji yanaanguka ku maporomoko saba ya Boyoma, na hakuna boti inayoweza kupita. Ndiyo sababu wakoloni walijenga reli kati ya miji hiyo miwili. Tuache mito midogo inayoingia njiani: maji yanayopita Kindu ndiyo yale yale yatakayopita Boyoma. Wingi wa maji yanayopita kila sekunde, hiyo ni kama ampea, yaani mkondo wa umeme. Urefu ambao maji yanashuka, hiyo ni kama volti. Kindu na Boyoma ziko ku njia moja, moja nyuma ya ingine, kwa hiyo maji ni sawa lakini mshuko si sawa. Hiyo ni seri. Sasa tazama fasi ambapo mto unagawanyika na kuzunguka kisiwa. Maji mengine yanapita kushoto, mengine kuume, kisha yanakutana tena. Mshuko ni mmoja kwa pande zote mbili, lakini maji yamegawanyika. Hiyo ni paraleli.

Ukizidisha volti mara ampea unapata wati, yaani kazi inayofanyika. Ampuli ya wati 12 ku batri ya volti 12 inakula ampea 1.

Mapili ya radio

Kila mtu aliyetia mapili ndani ya radio amekwisha kufanya seri. Pili moja ina volti 1,5. Zikipangwa nne, kichwa cha moja kikigusa kitako cha ingine, volti zinajumlishwa: 6. Ni wazo la zamani. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta, mtu wa Italia, alipanga sahani za zinki na za shaba moja juu ya ingine, katikati akaweka vitambaa vyenye maji ya chumvi, na kadiri alivyoongeza sahani volti ziliongezeka. Neno lenyewe "pile" kwa Kifaransa maana yake ni rundo.

Ukigeuza pili moja kati ya nne, haupotezi moja tu. Tatu zinasukuma mbele, moja inasukuma nyuma, inabaki kama volti 3 na radio inanyamaza. Na kwa sababu ampea ni ile ile ku mstari wote, pili moja iliyochoka inazuia zote. Ndiyo maana kuchanganya mbili mpya na mbili za zamani ni kupoteza pesa: zile mpya zinailazimisha ile iliyokufa mpaka inatoa maji na kuharibu radio. Kuzianika ku jua, kama wengi wanavyofanya, kunasaidia kidogo kwa saa chache, ni kweli, lakini haziwi mpya tena.

Seri iko na kazi yake nzuri pia. Swichi ni seri: ikifunguliwa, njia yote imekatika. Fizibu ni seri: ampea zikizidi inayeyuka yenyewe kabla ya waya wa nyumba. Na mafundi wazuri wa radio na teve wana ampuli ya zamani, ile yenye uzi ndani, ya wati 60 ao 100, wanaiweka kwa seri na kifaa wanachojaribu. Kama ndani ya kifaa nyaya zimegusana, ampuli inawaka sana na hakuna kinachoungua. Fundi asiye na ampuli hiyo anajaribu kwa bahati.

Prizi moja, vifaa vitano

Ndani ya nyumba taa zote na prizi zote ziko kwa paraleli. Kila moja inapata volti zote, 220 kama ni umeme wa SNEL ao wa jenereta, na ampuli ya chumba ikikufa ile ya sebule inaendelea. Hiyo ndiyo faida. Hatari ni kwamba ampea zinajumlishwa, na zote zinapita ku waya mmoja wa mbele.

Mfano: jenereta inawaka jioni, na ralonji moja inalisha vitu vyote. Pasi ya wati 1 000 inachukua ampea 4,5. Resho ya wati 1 500 inachukua karibu 7. Frigo ndogo inaongeza kama 0,7. Jumla ni ampea 12. Kama waya wa ralonji ni ule mwembamba ulioundwa kwa ampea 6, joto ndani yake haliongezeki mara mbili. Linaongezeka mara nne, kwa sababu joto la waya linafuata ampea mara ampea. Plastiki inalainika, nyaya mbili zinagusana ndani, na kama dari ni ya mianzi ao ya turubai, moto hausubiri. Multiprizi yenye matundu sita haileti umeme wa mara sita. Inaruhusu tu watu sita kukunywa ku mrija mmoja.

Kuko pia ule waya mrefu ambao watu wanausahau. Waya wenyewe ni seri na nyumba, na unakula volti njiani. Chukua batri ya volti 12 iliyo ku nyumba ya mbele, na waya wa shaba wa milimita 1,5 unaoenda nyumba ya nyuma, mita 20. Kwenda na kurudi ni mita 40. Vitu vya ampea 5 vikiwashwa kule, karibu volti 2,3 zinabaki ndani ya waya. Nyumba ya nyuma inapata 9,7. Teve inazimika, wanasema batri ni mbaya, wananunua ingine, na teve inazimika tena. Wati zile zile 60 kwa volti 220 zingetaka ampea 0,27 tu, na hasara ya waya ingekuwa hata haionekani. Ndiyo maana umeme wa safari ndefu unabebwa na volti nyingi na ampea kidogo. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, iliyofunguliwa mwaka wa 1982, ina urefu wa karibu kilometa 1 700 na ilijengwa kwa volti 500 000. Inapita mbali na Maniema, lakini sheria ni ile ile ku waya wa parseli.

Georg Ohm, Mjerumani, aliandika sheria hiyo mwaka wa 1827: volti ni ampea mara ukinzani wa njia. Waya mwembamba, waya mrefu, fasi ya kuunganisha iliyofungwa kwa mkono bila kubana, vyote vinaongeza ukinzani. Fasi iliyofungwa vibaya inapata moto kuliko waya wenyewe, na hapo ndipo alama nyeusi inaanza.

Turudi juu ya bati

Pano inayouzwa kama "ya volti 12" haitoi 12. Ya wati 100 inafanya kazi karibu volti 18 na ampea 5,5, na kama haijaunganishwa na kitu, ku jua kali inaonyesha 21 ao 22. Mbili kwa paraleli, chanya na chanya, hasi na hasi, zinatoa volti 18 na ampea 11. Mbili kwa seri, chanya ya moja ku hasi ya ingine, zinatoa volti 36 na ampea 5,5, na zisipobebeshwa kazi zinapanda mpaka 44. Wati ni sawa, 200. Lakini regulatere ndogo inayovumilia volti 25 inakufa palepale. Na regulatere ya bei ndogo ikivumilia, kwa batri ya volti 12 itapitisha zile ampea 5,5 tu: nusu ya pano umeinunua bure. Kuna regulatere za bei kubwa, zenye kuandikwa MPPT, ambazo zinajua kugeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa hizo seri ni sawa, na nyaya zinaweza kuwa nyembamba.

Mti wa muembe nao una neno lake. Kivuli kikifunika pano moja ya seri, inabana njia ya zote mbili. Kwa paraleli, ile ya ku jua inaendelea na kazi yake.

Kwa batri ni hesabu ile ile. Mbili za volti 12 na ampea-saa 100 zinakuwa volti 24 na 100 kwa seri, ao volti 12 na 200 kwa paraleli. Mpya na nzee zisiwekwe pamoja. Na kwa paraleli, mtu akigeuza chanya na hasi, ampea mamia zinapita mara moja; batri inaweza kupasuka na kumwaga asidi ku macho. Volti 12 hazitetemeshi mkono, ndiyo maana watu hawaziogopi, lakini ufunguo wa chuma ukianguka juu ya vichwa viwili vya batri unakuwa mwekundu. Pete na bangili zitolewe kwanza.

Ku kituo cha afya hesabu hii inagusa maisha ya watu. Batri ya taa ya chumba cha kuzalia ina ampea-saa 100, na haifai kushushwa chini ya nusu. Mtu anaongeza waya mmoja kwa paraleli kuchaji simu za jirani, kitu kidogo tu. Simu kumi za wati 5 ni wati 50, ampea zaidi ya 4. Saa sita zinakula ampea-saa 25, ndiyo nusu ya kile kilichoruhusiwa. Saa nane za usiku, mama akifika na uchungu, taa inakatika, na hakuna kifaa chochote kilichoharibika. Kama kuko frigo ya chanjo, ambayo lazima ibaki kati ya digrii 2 na 8, iwe na pano zake na batri zake, bila waya wa mtu mwingine.

Multimeta ndogo inapatikana sokoni kwa bei ambayo ni chini sana ya bei ya regulatere. Volti zinapimwa kwa paraleli, vidole viwili vya multimeta vikigusa chanya na hasi. Ampea zinapimwa kwa seri, waya ukikatwa na multimeta ikiwekwa katikati. Anayeweka multimeta ku ampea kisha anagusa vichwa viwili vya batri, anaunguza fizibu yake ya ndani. Kwa pano mbili za volti 12, jaribio ni la dakika moja: kabla nyaya mbili za mwisho hazijaingia ndani ya regulatere, zipimwe volti saa sita ya mchana. Ikionyesha karibu 21, ni paraleli. Ikionyesha karibu 42, ni seri, na hapo mtu asome kwanza nambari iliyoandikwa nyuma ya regulatere.