Uboho wa taya hubadilika na umri: Je, picha ya hospitali inaonyesha nini?

Arusha. Umepigwa MRI ya kichwa, majibu yanasema uboho wa taya "umebadilika". Usianze kuogopa. Mara nyingi ni umri tu.

Uboho ni nini?
Ni ule ute laini ulio ndani ya mfupa, kama ule tunaounyonya kwenye mfupa wa supu. Kwa mtoto ni mwekundu, kazi yake ni kutengeneza damu. Ukikua, sehemu kubwa hugeuka mafuta na kuwa ya njano.

Huanzia wapi?
Kwenye taya la chini huanza mbele, kidevuni, kisha hurudi nyuma taratibu. Sehemu ya karibu na sikio hubadilika mwishoni.

Kipimo gani huonyesha?
MRI. Kwenye picha zake za kawaida mafuta hung'aa, uboho mwekundu huwa na giza zaidi. Eksirei ya meno huonyesha mfupa mgumu, sio uboho wenyewe.

Lini si umri?
Mtu mzima akionekana na uboho mwekundu mwingi, huenda mwili unahangaika kuongeza damu, mfano kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu wa muda mrefu. Pia mabadiliko ya umri hayaumi, na kwa kawaida huwa pande zote mbili. Ukiona uvimbe upande mmoja, jino linalegea bila sababu au mdomo una ganzi, wahi hospitali.

Kwa wakazi wa Meru
Hapa kuna jambo la ziada: maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa madini ya floridi. Mtoto akiyanywa kwa wingi, meno hupata rangi ya kahawia. Mtu akinywa kiwango kikubwa kwa miaka mingi, mifupa huwa mizito na kuonekana meupe zaidi kwenye eksirei. Huo si uzee, na si uboho.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, eneo la Maji ya Chai, kinajulikana kwa kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa hiyo ukienda kupiga picha, mwambie daktari umri wako, ulikokulia na maji uliyokunywa utotoni.