Safu ya Lugha: Maadili na Mila

Siku hizi kila lisilotupendeza huitwa "kinyume cha maadili". Neno linabebeshwa mzigo usio wake. Kwa mfano, zamani kwa Wanyakyusa wa Kyela, mkazamwana alimkwepa kabisa baba mkwe wake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1930, aliueleza mwiko huo kwa kirefu. Mkazamwana wa leo anayemwamkia mkwewe sokoni hajavunja maadili. Ameacha mila, yaani njia iliyopokewa kwa wazee, nayo hutofautiana kwa watu na kwa zama. Desturi, neno lenye asili ya Kiajemi, ni nyepesi zaidi: mazoea tu.

Maadili yametokana na "adl" ya Kiarabu, yaani haki. Humo ndimo tulimopata mwadilifu na uadilifu. Anayechanganya mchele wa kwingine akauuza kama wa Kyela amedhulumu, na akivuka mto Songwe kuingia Malawi dhuluma hiyo haigeuki haki. Wapo wasemao kila jamii ina maadili yake. Nawasikia, lakini wanachozungumzia ni mila. Waandishi wenzangu, mwanamke akikemewa kwa vazi lake, andikeni mila au desturi. Maadili tuyaachie haki na dhuluma.