Upepo, Sufu na Jina Kwenye Kopo

Mwaka 1480 mfalme Louis XI wa Ufaransa alitoa amri kuhusu mipira ya jeu de paume, mchezo uliozaa tenisi ya leo. Mafundi waliagizwa kuitengeneza kwa ngozi nzuri iliyoshindiliwa sufu, na wakakatazwa kuijaza mchanga, chokaa, unga wa mbao au udongo. Mfalme hapigi marufuku jambo ambalo halitendeki. Bila shaka walikuwapo mafundi waliokuwa wakificha takataka za bei rahisi ndani ya ngozi, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulijua hilo mpaka mpira umemgonga. Ugomvi juu ya ubora wa mipira, basi, ni wa zamani karibu kama mchezo wenyewe, na kiini chake hakijabadilika: sehemu muhimu ya mpira iko ndani, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Mipira hiyo ya kale ilikuwa kama mipira ya matambara ya watoto wetu, yaani kitu kilichobanwa na kufungwa vizuri, bila hewa ndani. Ilidunda kidogo tu, lakini ilidumu mno. Katika miaka ya 1920, mafundi waliokuwa wakikarabati paa la Westminster Hall mjini London waliikuta mipira ya ngozi iliyojazwa nywele, imekwama kwenye maboriti tangu karne nyingi nyuma. Ilidumu kwa sababu haikuwa na cha kupoteza. Na kwa kuwa mchezo ulichezwa ndani ya nyumba, kwenye sakafu ngumu na kuta za mawe, mdundo mdogo ulitosha.

Mambo yalibadilika mchezo ulipotoka nje. Kwenye majani mpira mgumu wa kushindilia hauinuki, kwa hiyo tenisi ya uwanja wa nyasi isingewezekana kabla ya kupatikana raba inayofaa. Raba ghafi ilikuwa ikijulikana Ulaya, lakini ililainika na kunata wakati wa joto, na wakati wa baridi ilikakamaa na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba raba ikichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara na hurudi katika umbo lake baada ya kubonyezwa. Alipewa hataza mwaka 1844, na Thomas Hancock akapata ya kwake Uingereza kwa njia inayofanana. Ndiyo maana Meja Walter Clopton Wingfield, alipouza seti zake za tenisi ya nyasi mwaka 1874, aliweza kutia ndani ya sanduku mipira ya raba iliyotoka Ujerumani.

Raba tupu, hata hivyo, ilikuwa nyepesi, ilipeperushwa na upepo, na ilikuwa ngumu kuitawala kwa raketi. Mchezaji mmoja wa Kiingereza, John Moyer Heathcote, akajaribu kuivika kitambaa cha flana, na wazo hilo likashika mara moja. Kitambaa kiliongeza uzito, kikaushika mpira kwenye nyuzi za raketi na kuulinda usichubuke. Tangu hapo mpira wa tenisi una vitu viwili vinavyochakaa kila kimoja kwa njia yake: raba ya ndani inayopoteza nguvu, na vazi la nje linalonyonyoka. Anayesema mpira fulani "unadumu" lazima aulizwe ni kipi kati ya hivyo viwili anachokisema.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoleta taabu tuliyo nayo mpaka leo. Watengenezaji waligundua kwamba mpira wenye uwazi ndani, ukijazwa gesi yenye shinikizo kubwa kuliko hewa ya nje, hudunda vizuri zaidi bila kuwa mzito. Mwanzoni walikata bamba la raba kwa umbo la majani matatu, wakaliunganisha, na ndani wakaweka kemikali zilizotoa gesi wakati wa kupasha moto. Baadaye wakaacha njia hiyo wakatumia vikombe viwili vya raba vinavyobanwa pamoja ndani ya mashine yenye hewa ya shinikizo, kwa kuwa namna hiyo hutoa mpira wa mviringo ulio sawa zaidi. Mchezo ukapata kasi. Lakini raba si chuma: gesi hupenya ukuta wake polepole, hata kama mpira haujatobolewa wala kupigwa. Mpira uliokaa dukani miezi mingi ulimfikia mchezaji umekwisha upepo, jina lolote uliokuwa nalo.

Dawa ilitoka Marekani. Mwaka 1926 kampuni ya Pennsylvania Rubber, ambayo jina lake lilikuja kufupishwa kuwa Penn, ilitoa mipira mitatu ndani ya kopo la chuma lililozibwa likiwa na shinikizo ndani. Shinikizo la kopo likikaribiana na la mpira, gesi haina sababu ya kutoka. Ule mlio wa "tsss" unaousikia unapofungua kopo jipya ni hewa hiyo ikitoroka, na kuanzia sekunde ile mpira umeanza kuzeeka.

Wapo wanaosema kampuni zilichagua mpira wa gesi makusudi, ili watu wanunue mara kwa mara. Biashara hiyo ni nono kweli, na siwezi kudai kwamba wenye viwanda hawakulifurahia hilo. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mbadala ulikuwapo. Tretorn ya Helsingborg, Sweden, ilijijengea jina kwa mipira isiyotegemea shinikizo, yenye ukuta mnene wa raba unaofanya kazi yote ya kudunda. Mpira wa namna hiyo unaweza kukaa miezi na bado ukadunda. Kinachokwisha ni kitambaa. Wachezaji wengi hawakuupenda. Waliuona mgumu na mzito, na walilalamika kwamba unatikisa mkono. Kwa maoni yangu mchezaji mwenyewe ndiye aliyechagua raha ya leo badala ya uimara wa kesho, na kampuni zikamfuata.

Jina la kampuni lilianza kuwa na uzito mkubwa kwa njia nyingine, yaani kupitia mashindano. Wimbledon ilitumia mipira ya F. H. Ayres hadi mwaka 1902, kisha ikahamia kwa Slazenger, ambayo inaihudumia mpaka sasa. Je, Slazenger ilishinda kwa ubora? Huenda. Lakini msomaji ajue pia kwamba katibu wa klabu hiyo wakati ule, Archdale Palmer, alikuwa meneja katika Slazenger. Sababu zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, ila tangu mwanzo nembo ya mashindano iliyochapwa kwenye kopo ilikuwa ushahidi wa mkataba kabla ya kuwa ushahidi wa ubora.

Shirikisho la kimataifa la tenisi, lililoanzishwa Paris mwaka 1913, ndilo lililokuja kuziba pengo kwa vipimo. Leo mpira wa kawaida lazima uwe na uzito wa kati ya gramu 56.0 na 59.4, na ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu uinuke kati ya sentimita 135 na 147. Nafasi hiyo ni finyu. Ndiyo sababu mipira mipya ya Wilson, Penn, Dunlop, Head au Babolat iliyoidhinishwa hailingani kabisa mkononi, lakini hukaribiana sana. Tofauti kubwa huanza baada ya seti ya kwanza. (Rangi ya manjano, ambayo wengi huidhani ya tangu zamani, iliruhusiwa mwaka 1972 kwa ajili ya watazamaji wa televisheni, na Wimbledon ilisubiri hadi 1986.)

Wakati huohuo viwanda vilihama. Dunlop iliinunua Slazenger mwaka 1959, na mipira ya Wimbledon ikatengenezwa kwa miaka mingi Barnsley, kaskazini mwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi hiyo ilipelekwa Bataan, Ufilipino. Mtafiti Mark Johnson wa chuo cha biashara cha Warwick alifuatilia safari ya malighafi za mipira hiyo akakuta sufu ya New Zealand inasafirishwa hadi Stroud, Uingereza, kufumwa felti, kisha inapelekwa Bataan kukutana na raba iliyotengenezwa kwa vitu kutoka nchi kadhaa. Penn nayo ilifunga kiwanda chake cha Phoenix, Arizona, mwaka 2009 na kuhamishia uzalishaji China. Mishahara ya chini ilichangia, na ukaribu na mashamba ya raba ya Asia ulichangia pia. Matokeo kwa mnunuzi ni kwamba jina lililo kwenye mpira halimwambii tena umetoka wapi. Na kampuni ileile huuza mpira wa mashindano na mpira wa mazoezi, wa bei tofauti na felti tofauti, chini ya jina hilohilo moja.

Felti ndiyo iliyozusha mabishano ya karibuni. French Open ya 2020, iliyosogezwa hadi Septemba na Oktoba kwa sababu ya korona, ilikuwa pia ya kwanza kutumia Wilson badala ya Babolat, na Rafael Nadal alilalamika kwamba mpira ni mzito mno. Kosa lilikuwa la kampuni au la baridi? Hewa baridi hupunguza mdundo wa mpira wowote, na unyevu huongeza uzito wa sufu, kwa hiyo kuitupia Wilson lawama yote si haki. Nadal mwenyewe alitwaa kombe. Miaka miwili baadaye Iga Świątek aliikosoa mipira ya wanawake ya US Open, ambayo felti yake ilikuwa nyepesi kuliko ile ya wanaume, akasema inaruka bila kutawalika, naye akashinda. Mwaka 2023 wanawake wakapewa felti nzito.

Malalamiko ya mabingwa, hata hivyo, hayamsaidii sana mchezaji wa klabu. Wao hubadilishiwa mipira baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila baada ya tisa. Hawajui mpira wa wiki ya pili ulivyo. Sisi tunajua.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine lenye uzito kuliko nembo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kigali haiko chini sana ya hapo. Hewa ya nje huko ni nyepesi, kwa hiyo mpira wa kawaida huwa kama umeongezewa shinikizo ndani, huruka juu na kukimbia mno. Sheria za kimataifa zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, yenye mdundo mdogo au isiyo na shinikizo kabisa. Anayecheza Dar es Salaam au Mombasa akiinunua hiyo ataona imekufa, naye wa Nairobi akinunua ya pwani ataiona ina wazimu, na wote wawili watailaumu kampuni.

Mwaka 2019 Wilson ilitoa Triniti, mpira wenye kiini cha plastiki laini kinachobana gesi vizuri zaidi, ukiuzwa ndani ya boksi la karatasi lisilo na shinikizo. Hauhitaji kopo la 1926, lakini kopo hilo bado linatawala maduka. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma maandishi madogo chini ya jina: kama felti ni nzito kwa sakafu ya saruji au nyepesi kwa udongo, kama mpira ni wa miinuko, na kama una shinikizo au hauna. Ukichagua wenye shinikizo, fungua kopo siku ya kucheza.