Umiliki wa Vyumba na Hatima ya Teatro alla Scala, 1776–1946

Historia ya Teatro alla Scala, jumba la opera la mjini Milano, kwa kawaida husimuliwa kupitia watunzi na waimbaji wake. Insha hii inaichunguza kupitia swali jingine: jumba hilo lilikuwa mali ya nani?

Februari 1776, ukumbi wa opera uliokuwa ndani ya kasri la watawala uliteketea kwa moto. Milano ilikuwa chini ya Austria, na Maria Theresa aliridhia ujenzi mpya mahali lilipokuwa kanisa la Santa Maria alla Scala, ambalo ndilo asili ya jina la jumba. Gharama, hata hivyo, zilibebwa na familia za makabaila zilizokuwa na vyumba vya watazamaji katika ukumbi wa zamani. Kwa mchango huo, zilipata vyumba katika jengo jipya lililosanifiwa na Giuseppe Piermarini na kufunguliwa tarehe 3 Agosti 1778 kwa opera ya Antonio Salieri.

Umiliki huo haukuwa wa jina tu. Kila familia ilikipamba chumba chake ipendavyo na kuwapokea wageni humo. Wasio na vyumba walikaa ukumbini chini au katika ghorofa ya juu kabisa. Aidha, mapato ya kamari yaliyopatikana jumbani yalisaidia kulipia maonyesho.

Udhaifu wa mfumo huo ulidhihirika mwaka 1897, baraza la mji lilipoondoa ruzuku na jumba likafungwa. Suala lilikuwa iwapo kodi ya wengi igharimie starehe ya wachache wenye vyumba vyao. Lilifunguliwa tena mwaka 1898 kwa msaada wa matajiri wakiongozwa na Guido Visconti di Modrone, lakini suala lenyewe lilibaki. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1920, ilipoundwa taasisi inayojitegemea ya kuliendesha, na umiliki binafsi wa vyumba ukafikia ukomo. Desemba 1921, Arturo Toscanini alilifungua upya kwa Falstaff ya Verdi.

Mabadiliko hayo yalipimwa kwa vita. Mabomu yalipolibomoa jumba Agosti 1943, halikuwa tena la makabaila wa kulijenga kama mwaka 1776. Ujenzi ulikuwa jukumu la umma, na tarehe 11 Mei 1946 Toscanini aliongoza tamasha la ufunguzi. Hivyo basi, uhai wa Scala ulitegemea mabadiliko ya umiliki sawa na ulivyotegemea muziki.