Beelitz, 1908–1942: Shule ya Mwalimu Bein

Beelitz ni mji mdogo kusini-magharibi ya Berlin. Wajerumani wanaujua kwa mboga ya asparaga, ambayo watu huifuata huko kila majira ya kuchipua, na kwa hospitali kubwa ya kifua kikuu iliyojengwa msituni. Vita vya kwanza vya dunia vilipochacha, hospitali hiyo ilipokea majeruhi, na mmoja wao mwaka 1916 alikuwa askari aitwaye Adolf Hitler. Wakati huo tayari mjini humohumo palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kiyahudi wenye ulemavu wa akili, yenye umri wa miaka minane.

Shule ilifunguliwa mwaka 1908 na umoja wa jumuiya za Kiyahudi za Ujerumani, ulioundwa mwaka 1869. Nyumba nyingi za kulea watoto wa aina hii zilikuwa mikononi mwa makanisa au serikali za majimbo. Mtoto wa Kiyahudi akipelekwa huko alikula kilichopikwa, na dini ya kwao akaiacha mlangoni. Sheria ya Kiyahudi yenyewe, tangu kale, imemweka asiye na akili timamu fungu moja na mtoto mdogo: hadaiwi kutimiza amri. Ni huruma, lakini ina makali mawili, kwa kuwa asiyedaiwa sala ni rahisi watu waone hana haja ya kufundishwa kusali. Beelitz ilikataa hilo. Mtoto wa huko alilelewa kama Myahudi mwingine yeyote, kwa Sabato na sikukuu zake.

Uongozi alipewa mwalimu kijana, Sally Bein (ni mwanamume, jina lisitupoteze), naye hakuuachia mpaka mwisho. Alikuwa miongoni mwa walimu wa mageuzi, wale walioona kwamba mtoto anayekwama ubaoni huenda akafunguka akipewa kitu cha kushika. Hesabu isiyoingia kwa namba huingia kwa miche ya bustani: panda mitano, ongeza miwili, haya, hesabu mstari wote. Leo hayo hufundishwa katika vyuo vya ualimu. Mwaka 1908 wengi walidhani watoto hawa ni wa kulishwa na kulindwa tu.

Wanazi waliposhika dola, watoto wa Beelitz waliandamwa kwa sababu mbili: ulemavu wao na Uyahudi wao. Sheria ya tarehe 14 Julai 1933 iliruhusu watu kufungwa uzazi kwa nguvu, na katika orodha ya maradhi yaliyolengwa, upungufu wa akili wa kuzaliwa ulitajwa wa kwanza. Mwaka 1940, katika gereza la zamani mjini Brandenburg, si mbali na Beelitz, wagonjwa na walemavu waliuawa kwa gesi. Wagonjwa wasio Wayahudi walau walijaziwa fomu za kupimwa kama wanafaa kuishi. Wagonjwa wa Kiyahudi waliokusanywa Julai mwaka huo kutoka hospitali za eneo la Berlin hawakupimwa kitu. Uyahudi wao ulitosha.

Hata hivyo shule iliendelea hadi 1942. Mwezi Juni mwaka huo Bein alisafirishwa pamoja na mkewe na watoto waliobaki hadi kambi ya Sobibor, Poland, wakauawa. Mkuu wa Sobibor wakati huo alikuwa Franz Stangl, aliyeletwa kutoka Hartheim, Austria, moja ya vituo vya kuulia walemavu. Sehemu kubwa ya wasaidizi wake nao walitoka kwenye kazi hiyohiyo.

Sekondari ya Beelitz siku hizi inaitwa Sally-Bein-Gymnasium. Ni heshima anayoistahili, ingawa ina uchungu wake: gymnasium ni shule ya kuandaa vijana kwa chuo kikuu, na wanafunzi wa Bein wasingepokelewa humo.