Laini ya Voliboli Ilivyohamia Ndani

Mtoto wa Jericho au Kaloleni, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huijua laini ya kandanda kabla ya nyingine yoyote. Uwanja wa Camp Toyoyo uko pale pale Jericho, na somo la kwanza analolipata mtu akisimama kando yake ni kwamba mpira haujatoka mpaka wote uvuke mstari, uwe chini au hewani. Mtoto huyo huyo akiingia kwenye voliboli shuleni, mpira ukadunda kidole kimoja nje ya chokaa huku ubavu wake umening'inia juu ya mstari, ataapa kwamba uko ndani. Refa atasema nje, na jioni itaishia kwenye ubishi.

Refa ndiye mwenye haki, ila sheria anayoitetea haikuwapo mchezo ulipoanza. William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi katika YMCA ya Holyoke, Massachusetts, aliibuni voliboli mwaka 1895 kwa ajili ya wanaume wa makamo walioona mpira wa kikapu una vurugu kupita kiasi. Aliuita mchezo wake Mintonette. Jina la sasa lilikuja mwaka uliofuata. Uwanja ulikuwa wa futi 50 kwa 25, na neti ilifika futi 6 na inchi 6 tu, kimo ambacho warefu wa siku hizi wangepigia spaiki bila kuruka. Na katika kanuni zake za mwanzo, mpira uliogusa mstari ulihesabiwa umetoka, hasara ikimwendea aliyeupiga.

Kwa nini aliamua hivyo? Mimi nashuku kikapu. James Naismith alikuwa amekibuni mwaka 1891 huko Springfield, mji jirani na Holyoke, na katika kikapu mstari ni nje hadi leo: ukiukanyaga na mpira mkononi, umepoteza. Lakini Morgan alikuwa ameazima neti kutoka tenisi, ambako mstari ni sehemu ya uwanja. Kwa hiyo mchezo wake ulikuwa na wazazi wawili wasiokubaliana, na baada ya muda ulimfuata yule wa pili. Shirikisho la kimataifa, FIVB, lilianzishwa Paris mwaka 1947. Chini ya sheria zake uwanja ni mita 18 kwa 9, mistari ina upana wa sentimita 5, na upana huo umo ndani ya vipimo hivyo.

Naona ulikuwa uamuzi wa busara, hasa kwa viwanja kama vya kwetu. YMCA iliingia Kenya mwaka 1910 na ina tawi lake Shauri Moyo, lakini voliboli ya Eastlands haikubaki kwenye saruji ya taasisi. Ilienda kwenye udongo, ambako mistari huchorwa kwa chokaa au majivu, au hutandazwa kamba iliyokazwa kwa misumari. Mpira ukigusa chokaa, vumbi jeupe huruka, na refa amepata shahidi. Kamba nayo ina hila zake. Ni nyembamba, haifiki hata nusu ya zile sentimita 5, na ikikazwa kwenye ukingo wa ndani wa mahali pa mstari, mpira ambao kwingine ungekuwa halali hapa unaitwa nje. Mchezaji aliyezoea kamba hiyo akienda kucheza kwenye sakafu ya ukumbi wa Kasarani huacha mipira ambayo alipaswa kuipokea.

Turudi kwa yule mtoto. Mpira wa voliboli una mzingo wa sentimita 65 hadi 67, yaani kipenyo cha takriban 21. Unaweza kufunika mstari wote ukiutazama kutoka juu, na bado sehemu iliyogusa ardhi iwe nje kabisa. Kandanda huhesabu kivuli. Voliboli huhesabu mguso. Waliotazama Kombe la Dunia Qatar, Desemba 2022, wanamkumbuka Kaoru Mitoma wa Japani akiuvuta mpira ulioonekana umeshatoka, Ao Tanaka akaufunga, na Uhispania ikalala 2-1. Picha ya kutoka juu ilionyesha sehemu ndogo ya mpira ikiwa bado juu ya mstari. Ungekuwa wa voliboli, na umedunda pale pale, kibendera kingepanda juu: nje.

Ukishaelewa kwamba mstari ni mali ya eneo unalolizunguka, mengine yanajieleza. Mpiga sevu lazima awe nje ya uwanja, kwa hiyo akikanyaga mstari wa nyuma anapopiga, ameshaingia, na ni kosa. Mstari wa mita tatu ni wa eneo la mbele, kwa hiyo mchezaji wa nyuma akirukia juu yake kupiga spaiki amechupa kutoka mbele. Mstari uleule unaouokoa mpira ndio unaoupeleka mguu kwenye kosa. Mpaka mwaka 1994 mpiga sevu alibanwa katika mita tatu za upande wa kulia. Tangu hapo amepewa mita zote tisa.

Mpaka wa hewani ndio unaosahaulika zaidi mitaani. Mpira sharti uvuke neti kati ya antena mbili, zile fimbo zinazosimama kwenye neti juu ya mistari ya pembeni, na ukizigusa umetoka. Pasipo antena, watu hukisia kwa nguzo, ambazo husimama mbali zaidi na mstari, na pembe za hila huzaliwa hapo. Nyaya za stima na kamba za nguo hazina utata: mpira ukizigusa, umekufa.

Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walipocheza Olimpiki za Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, timu zilikuwa na haki ya kuomba kamera iamue ndani au nje. Huku kwetu bado tunategemea jicho la mshika kibendera, na mara nyingi hata kibendera hakuna.

Hata hivyo, si kamera tunayoikosa zaidi. Katika voliboli mstari huuzuia mpira, haumzuii mchezaji: ana ruhusa ya kuukimbilia nje na kuurudisha. Ndiyo maana sheria inataka nafasi tupu ya angalau mita 3 kila upande, na kwenye mashindano makubwa zaidi ya hapo. Mitaani nafasi hiyo ndiyo iliyoliwa kwanza, na vibanda, na maegesho, na kuta za watu walionyakua viwanja vya umma. Anayepima uwanja wa voliboli wa mtaa huhesabu mita mraba 162 na kuona zinatosha. Mchezo wenyewe, pamoja na wale wanaokimbilia mipira migumu, unahitaji 360.