Likizo Hii Tuwatembeze Watoto: Kutoka Biharwe Hadi Nakivale



Ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, Allah (S.W.) ametuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie habari za waliotutangulia. Basi likizo hii tusiwaache watoto washinde nyumbani tu.

Tuanzie Biharwe, kama kilomita 12 kutoka mjini Mbarara, barabara ya Masaka. Hapo Igongo pana makumbusho ya utamaduni wa Ankole, ufalme uliofutwa mwaka 1967. Karibu yake upo mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wazee husimulia kwamba jeshi la Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe wa kuteka. Ghafla jua likazimika, askari wakakimbia, mifugo ikabaki kwa watu wa Nkore.

Hapo mzazi amkumbushe mtoto kisa kingine. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa na watu wakadhani ni kwa ajili ya kifo hicho. Mtume akasali nao, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Kabla ya kuondoka, waonje karo ya ulezi na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Ama nyama, ulizeni kwanza kama ni halali.

Kisha turudi Nakivale. Huku kwetu historia haikuwekwa kwenye kabati la kioo, imo sokoni. Wa kwanza kuletwa hapa walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, na makazi yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Wengi wao walirudi kwao baada ya 1994. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo. Ukipita Base Camp utakuta anjera na chai ya iliki kwa Wasomali, na kwa akina mama wa Kongo fufu, sombe na vitenge. Kila chakula kimefika hapa na watu waliotembea kwa hofu na njaa.

Siku moja darasani niliwauliza wanafunzi wangu: bibi yako alifikaje hapa? Waliokuwa wakijibu haraka habari za wafalme walinyamaza wote. Nilihuzunika, kwa sababu wazee wengi wa mwanzo wameshaondoka au wamefariki, na habari zao hazikuandikwa.

Kwa hiyo kila mtoto achukue daftari, akae na mzee mmoja, amuulize: Ulitoka wapi? Ulipita njia gani? Mlikula nini siku ya kwanza? Aandike jibu na tarehe, na mzazi alihifadhi daftari hilo.

Allah awarehemu waliotangulia na awape subira waliobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.